Waliorudi na Waliobaki

Sura ya pili ya Kitabu cha Ezra ni orodha ndefu ya majina ambayo wasomaji wengi huiruka. Wana wa Paroshi, 2,172. Wana wa Shefatia, 372. Inaendelea hivyo mpaka macho yanachoka. Siku tulipoifikia katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Magomeni, Bagamoyo, kijana aliyekuwa akisoma alinitazama kama anayeomba ruhusa ya kukimbilia sura ya tatu. Nikamwambia, "Soma mwanangu, usimwache mtu." Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuita majina. Najua mtoto anavyokaa pale anapogundua kwamba wenzake wameitwa na yeye amerukwa.

Orodha ile inahesabu watu 42,360 waliotoka Babeli kurudi Yerusalemu. Baada ya watu wamehesabiwa wanyama: farasi 736, ngamia 435, punda 6,720. Mwandishi alitaka isomwe kama kumbukumbu ya ofisi, si kama hadithi ya jioni. Na katikati ya hesabu kuna mstari mmoja unaotaja watumwa, wanaume kwa wanawake, 7,337. Watu waliokuwa wakitoka uhamishoni walirudi kwao wakiwa na watumwa wao. Hapa Bagamoyo mstari kama huo hatuupiti mbio.

Nataka kueleza habari hii ya Wayahudi kurudishwa kwao, kwa ajili ya msomaji aliyeisikia vipande vipande kanisani, au msikitini katika habari za Bani Israili. Nitaieleza nikiwa hapa nilipo, kati ya Bagamoyo na Saadani, kwa sababu pwani hii nayo ilipoteza watu wengi, na baadhi ya vitukuu wao tumewaona wakirudi kwa macho yetu.

Barua kwenda Babeli

Ufalme wa Yuda ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya Misri na Babeli, na kila mkubwa akiutaka umtii yeye. Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadneza wa Babeli aliuzingira Yerusalemu. Alimchukua mfalme Yehoyakini, wakuu wake, mafundi na wahunzi. Mtekaji mwenye akili huanza na watu wenye ujuzi, maana wao ndio wawezao kujenga upya. Yuda ilipoasi tena, akarudi. Mwaka 586 hekalu la Sulemani lilichomwa moto, ukuta ukabomolewa, na kundi jingine likapelekwa mbali. Waliobaki ni maskini, walioachwa ili wapate kulima mashamba na mizabibu.

Huko Babeli walikuwepo manabii waliosema mambo yatakwisha upesi. Mwingine, kulekule Yerusalemu, aliahidi miaka miwili tu. Yeremia, aliyekuwa bado Yerusalemu, aliwaandikia barua isiyopendeza masikioni. Aliwataka wajenge, walime, waoe na kuozesha, tena wauombee heri mji uliowateka, kwa kuwa ukaaji wao ungehesabiwa kwa miaka sabini. Maana yake ni kwamba wengi waliosomewa barua ile wangezikwa kulekule. Lakini huyohuyo Yeremia, jeshi likiwa limeuzunguka mji, alinunua shamba la binamu yake kijijini Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha, akaandikisha hati mbele ya mashahidi, na kuagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Mtu hanunui shamba lililokanyagwa na adui isipokuwa anaamini litalimwa tena, hata kama mlimaji atakuwa mjukuu wa mtu mwingine.

Ushauri wa barua ulifuatwa. Yako mabamba ya udongo yaliyotoka Iraki yanayotaja kijiji kiitwacho Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. Yaliandikwa kati ya mwaka 572 na 477 kabla ya Kristo. Ukitafuta humo kilio hukipati. Utakuta mikataba ya shayiri na tende, kodi, madeni na mirathi. Ila majina ya wenye mikataba yanasema neno: baba amempa mtoto jina lenye jina la Mungu wa Israeli ndani yake, kizazi baada ya kizazi, katika nchi ya miungu mingine. Karani wa Kibabeli aliandika majina hayo bila kujua kwamba anatunza ushahidi.

Halafu dola ikabadilika. Mwaka 539 Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli, na mwaka uliofuata akatoa ruhusa Wayahudi warudi na kujenga hekalu lao. Koreshi hakuwa mtu wa dini yao. Silinda yake ya udongo, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 na ambayo sasa iko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, inajisifu kwamba alirudisha miungu na watu wa miji mbalimbali makwao, na Wayahudi hawakutajwa hata mara moja. Kwake ilikuwa sera ya utawala. Kitabu cha Isaya hakioni tabu na hilo: kinamwita mfalme huyo mpakwa mafuta wa Bwana. Mwenyezi Mungu alitimiza neno lake kwa amri ya mtu asiyemjua.

Na utimizo wenyewe ulikwenda polepole. Hekalu la pili lilikamilika mwaka 515. Ezra mwandishi alifika mwaka 458, Nehemia mwaka 445, naye akausimamisha ukuta kwa siku 52. Tangu hekalu kuchomwa mpaka ukuta kusimama ni karibu miaka mia moja na arobaini. Uaminifu wa Mungu ulipita katika mikono ya babu, mtoto, mjukuu na kitukuu, na wale wa katikati hawakuona mwanzo wala mwisho.

Wazigua wa Mto Juba

Mimi ni Mzigua kwa upande wa mama. Nchi ya Wazigua inaanzia Mto Wami, inapanda na pwani kupitia Saadani na Mkwaja kuelekea Pangani, na bara inaingia hadi Handeni. Katika miaka ya 1830 mvua zilikosekana mwaka baada ya mwaka. Njaa ikawa kali kiasi cha watu kuweka rehani jamaa zao kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapate nafaka. Aliyewekwa rehani alipaswa kukombolewa, lakini mkombozi naye hana kitu, na jahazi linasubiri upepo.

Wajukuu wa waliochukuliwa wana simulizi yao: waliambiwa kuna kazi na chakula ng'ambo, wakapanda wenyewe. Waliposhushwa Barawa, Merka na Mogadishu wakakuta wameuzwa. Walipelekwa kulima kando ya Mto Shebelle katika nchi ambayo leo ni Somalia.

Msomaji akitaka kuuona mkasa huo katika Biblia, asome sura ya tano ya Nehemia. Tayari watu wamerudi Yerusalemu, ukuta unajengwa, na hapo wake kwa waume wanapiga kelele kwamba wameweka mashamba rehani kwa sababu ya njaa, na sasa binti zao wanatiwa utumwani kwa deni, na wanaowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, akawaita wakopeshaji mbele ya watu wote, akawaapisha warudishe mashamba na riba. Alielewa kwamba ukuta hauna maana ikiwa ndani yake Myahudi anamuuza Myahudi. Pwani yetu haikupata Nehemia katika ile njaa.

Kuanzia miaka ya 1840 watumwa wa Shebelle walianza kutoroka. Simulizi za Wazigua wa Somalia zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza watu wake kutoka kwa mabwana zao akikusudia kuwarejesha Uzigua. Walifika bonde la chini la Mto Juba, kwenye msitu mnene ambao ng'ombe hawakuweza kustahimili mbung'o wake na kwa hiyo wafugaji hawakuutaka. Kulikuwa na maji, ardhi yenye rutuba na mahali pa kujificha. Wanankhucha aliona hapo ni pema, wakakaa. Sehemu ile ikaitwa Gosha.

Walikaa kiasi cha miaka mia na hamsini. Waitaliano walipotawala waliwachukua kwa nguvu kwenda kulima mashamba ya ndizi. Baada ya uhuru wa Somalia mwaka 1960, kwa sheria walikuwa raia. Mtaani walibaki kuitwa kwa majina ya dharau kwa sababu ya nywele zao na asili yao. Dini yao ilikuwa Uislamu, Kisomali walikijua, lakini jikoni na shambani waliendelea kusema Kizigua.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na kila mwenye bunduki akawa anatafuta ghala. Wakulima wa Juba walikuwa na maghala na hawakuwa na bunduki. Wengi walikimbilia Kenya, kwenye kambi za Dadaab. Wengine walipanda majahazi kuelekea kusini, wakashuka Tanzania, na wakapewa hifadhi Mkuyu, wilayani Handeni. Mwaka 2003 watu kama 3,000 walihamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyohiyo, wakapewa mashamba, na baadaye Serikali ikaanza kuwapa uraia kwa awamu. Mwaka huohuo wa 2003, kundi kubwa zaidi la Wabantu wa Somalia, kama wanavyoitwa wakulima hao, waliokuwa Kenya, takriban 12,000 waliokubaliwa na Marekani, lilianza kusafirishwa kwenda huko. Kwa hiyo leo Kizigua kinasikika Handeni na kinasikika pia katika miji ya Marekani yenye theluji.

Nina jirani, mama anayekaanga vitumbua na bagia karibu na stendi, aliyezaliwa ng'ambo ile ya Juba na kufika Tanzania akiwa msichana mdogo. Akiniona huniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha tunahamia Kizigua, chake kikiwa na maneno ya Kisomali humu na humu, changu kikiwa kimejaa Kiswahili. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake.

"Bibi yangu alipokuwa anataja Uzigua," aliniambia siku moja, "nilidhani ni mahali pa hadithi, kama peponi. Gari lilipotuleta Handeni, likasimama. Kulikuwa na mama kando ya njia anamgombeza mtoto wake kwa Kizigua. Mama yangu akalia. Mimi nikasema moyoni, kumbe ni nchi ya watu wenye hasira kama sisi."

Nilimuuliza kama walipokelewa vizuri. Alicheka kidogo.

"Mwalimu, kule tulikaa miaka yote hiyo tukiitwa wageni. Tulipofika huku tukaitwa Wasomali."

Kisha akanisimulia kuhusu mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyefika kambini kuuza mahindi. Alimsikia mama yake akiongea, akaweka gunia chini, akamuuliza ukoo. Kwa Wazigua ukoo hufuata upande wa mama. Mama akautaja. Mzee yule, mwenye mvi kichwa kizima, akamwambia mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi, "Basi wewe ni mama yangu mdogo." Kesho yake alirudi na kuku wawili na mkewe.

Katika orodha ya Ezra wamo watu 652 ambao hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao, kama ni wa Israeli au la. Walihesabiwa hata hivyo, wakasafiri na wenzao. Makuhani waliokosa majina yao katika kumbukumbu walizuiwa kazi ya madhabahu mpaka jambo lao litakapoamuliwa, lakini hakuna aliyeambiwa ashuke njiani. Ninapolisoma hilo namkumbuka yule mzee wa mahindi. Wazigua wa Juba walitunza jina la ukoo kwa vizazi vitano au sita, kazi kubwa sana. Lakini jina lile lisingefaa kitu kama huku nyumbani asingekuwepo mtu anayelijua.

Wasio na pa kurudi

Ukitoka mjini Bagamoyo kwenda Misheni unapita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa karne ya kumi na tisa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walihamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, na baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, Waingereza waliokamata majahazi nao walileta watu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilibomoa karibu kila kilichojengwa, wakaanza upya. Makaburi ya wamisionari yaliyo kule nyuma yanaonyesha wengi walikufa vijana.

Waliokombolewa waliwekwa katika kijiji chao, wakapewa vishamba, wakaozeshwa. Maisha yalikwenda kwa kengele: kuamka, kusali, shambani, darasani, kusali. Wapo walioshukuru na wapo waliotoroka. Wengi walitoka mbali sana, kuanzia nchi za Ziwa Nyasa hadi Manyema. Mtoto aliyekamatwa akiwa na miaka minne hukumbuka wimbo na sura ya mama yake, lakini hajui jina la mto wa kwao. Huyo utamrudisha wapi? Mombasa nako kulijengwa kijiji cha namna hiyo, Frere Town, mwaka 1875, na swali likawa lilelile.

Hapa ndipo watu hukosea wanapohubiri marejeo ya Israeli, wakadhani kwamba aliyerudi ndiye aliyekumbukwa na aliyebaki ugenini alisahauliwa. Wayahudi wengi hawakurudi na Zerubabeli, kiongozi wa kundi la kwanza, wala na Ezra. Walibaki Babeli, na jamii yao ikaendelea kuwepo nchini Iraki kwa miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano, mpaka karibu wote walipoondoka mwaka 1950 na 1951. Talmudi kubwa, kitabu ambacho Wayahudi duniani kote wanajifunza hadi leo, ni ile iliyokusanywa Babeli. Kitabu cha Esta ni habari ya watu waliobaki katika dola ya Uajemi, na Mungu hatajwi humo hata kwa jina. Hata hivyo wanaokolewa.

Wana wa kijiji cha watumwa walioachwa huru hawakurejea Manyema. Wakawa Wabagamoyo. Damu yao imo katika familia za mji huu, na baadhi yetu tunaimba kwaya nao kila Jumapili. Nikiulizwa kama Mungu aliwarudisha, nitajibu kwamba aliwapa watu wa kuwazika na watoto wa kuitwa majina yao. Kwa mtu aliyekuwa bidhaa hilo ni kubwa, ingawa sitasema lililipa alichopokonywa.

Pasaka ya 1979

Wayahudi wenyewe hawako mbali nasi kama tunavyodhani. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka nchi za mashariki. Aliisoma Biblia kwa bidii, akagombana na wamisionari, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akashika sheria ya Musa. Idi Amin alipotawala alipiga marufuku dini hiyo. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa kujificha, na wengi wakaiacha. Walibaki mamia machache.

Amin alivamia Kagera mwaka 1978, na majeshi yetu yakajibu. Kaka yangu alikwenda na mgambo. Aliporudi alisimulia matope, njaa na mizinga. Habari za Wayahudi hakuwa nazo, na nadhani hakujua kama wapo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo, jua lilipotua, ndipo Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka ule ilipoanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri. Abayudaya hawajasahau kwamba uhuru wao ulikutana na Pasaka. Walifungua tena nyumba zao za sala, wakaongezeka, na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuingia Bunge la Uganda.

Kaka alikwenda kuitetea Kagera. Kama Koreshi, alifanya jambo ambalo hakulikusudia, kwa watu asiowajua. Nilipomweleza miaka mingi baadaye, alinyamaza, akasema, "Basi ile miguu iliyovimba haikuvimba bure, dada."

Na wenyeji je?

Kuna upande wa habari hii ambao hausemwi sana mimbarani. Waliorudi kutoka Babeli hawakuikuta nchi tupu. Walikuwepo wale maskini walioachwa na watoto wao, na watu wengine walioletwa na wafalme wa Ashuru. Wenyeji hao walitaka kushiriki kujenga hekalu, wakakataliwa. Kisha wakaanza kuzuia ujenzi na kupeleka barua za fitina kwa mfalme. Baadaye Ezra aliwaagiza waume wawaache wake wa kigeni pamoja na watoto wao. Sura ile ni ngumu kuisoma mbele ya akina mama, nami siilainishi. Lakini Biblia hiyohiyo imetunza Kitabu cha Ruthu, mgeni wa Moabu ambaye wafalme walitoka katika uzao wake. Na Ezekieli, nabii aliyekuwa mwenyewe uhamishoni, alipopanga katika maono jinsi nchi itakavyogawanywa watu watakaporudi, aliagiza mgeni anayeishi kati yao apewe urithi kama mzaliwa.

Swali hilo lilikuja mpaka Afrika Mashariki. Mwaka 1903, Wayahudi wakiwa wanauawa nchini Urusi, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuwatengea ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya. Katika hesabu ya London zile zilikuwa nyanda tu. Wamasai na Wanandi waliozijua kwa malisho hawakuulizwa. Mkutano wa Wazayuni wa mwaka 1905 ulikataa, wengi wakisema kwamba sala za vizazi ziliielekea Yerusalemu na si penginepo. Baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa na utawala wa Hitler, dola ya Israeli ilitangazwa mwaka 1948. Katika vita vya wakati huo Wapalestina wapatao 700,000 waliyapoteza makazi yao, na wajukuu wao wengi wangali kambini.

Katika jumuiya yetu mjadala huo huwasha moto. Wako wanaosema unabii umetimia na hakuna la kuongeza. Wako, hasa wenye majirani na wakwe Waislamu, wanaouliza huyu aliyetolewa leo atarudishwa na nani. Mimi husema Mungu aliyemkumbuka Myahudi kule Babeli hakufanya hivyo kwa kuwasahau wengine, na kwamba nabii aliyeagiza mgeni apewe urithi alijua alichokuwa anasema, maana yeye mwenyewe alikuwa mgeni mahali fulani. Anayetumia ahadi ya kurudi kumnyima mwingine nyumba ameisoma nusu yake.

Tunaweza kulipima neno hilo hapahapa kwetu bila kwenda mbali. Watu wa Chogo walipewa mashamba katika wilaya yenye wakulima na wafugaji wake. Watoto wao wamekaa dawati moja na watoto wa wenyeji. Wako walimu, wenzangu kabisa, ambao hadi leo humwita mtoto aliyezaliwa Handeni "yule Msomali", na wako maofisa wanaomtaka alete cheti cha kuzaliwa cha bibi ambaye alizaliwa vichakani, mbali na ofisi yoyote. Wako pia waliofanya kama mzee wa mahindi: wakauliza ukoo, wakaita mama mdogo, wakaleta kuku.

Ahadi ni ya Mungu, wala hatuna uwezo wa kuitoa sisi. Lakini tangu Ezra ameitimiza kupitia watu: mfalme mwenye muhuri, karani mwenye orodha, askari asiyejua anamfungulia nani, jirani anayejua majina ya koo. Sisi tuliobaki nyumbani tumo katika kazi hiyo, tutake tusitake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama Mungu bado anawarudisha watu makwao asimsikilize aliyerudi peke yake. Aende kwa majirani zake akaulize walimpokeaje.